Wimbo Usiosikika



Tarehe 22 Novemba ya kila mwaka Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Sesilia, bikira na mfiadini, msimamizi wa waimbaji na wapiga vinanda. Katika parokia zetu nyingi kwaya huifanya siku hiyo kuwa sikukuu yao, na ni haki yao kushangilia. Sikukuu hiyo inapokaribia, napenda tutafakari pamoja swali ambalo wanakwaya wengi huliuliza, na baadhi yao hulijibu kabla hawajaulizwa: Je, muziki una cheo kikubwa kuliko sanaa nyingine?

Swali hili lilinifikia miaka mingi iliyopita katika kigango kimoja nilichokuwa nakihudumia. Waamini walikuwa wamechanga fedha kwa taabu. Asiye na fedha alileta debe la mahindi likauzwa. Siku ya mkutano, wanakwaya wakaomba fedha zile zinunue kinanda na vipaza sauti. Wazee wakasema kanisa halina hata picha za Njia ya Msalaba, nazo zitangulie. Maneno yakawa makali. Kijana mmoja wa kwaya akasimama akasema, “Picha haziimbi.” Watu wakacheka. Nami, badala ya kutuliza mioyo, nikaona nimepata nafasi ya kuonyesha elimu yangu. Nikawaeleza kwamba Mtaguso wenyewe umeuweka muziki juu ya sanaa nyingine. Kwaya ikapiga makofi, wazee wakanyamaza, na mkutano ukaisha.

Ndugu zangu, maneno niliyoyasema yalikuwa ya kweli, lakini nilikuwa nimeyakata katikati. Tuyatazame basi kwa ukamilifu.

Katika Konstitusio juu ya Liturujia, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walifundisha, katika namba 112, kwamba mapokeo ya muziki ya Kanisa zima ni hazina isiyokadirika thamani yake, nayo huzipita sanaa nyingine. Hapo ndipo nilipokomea siku ile. Lakini Mababa hawakukomea hapo; walitoa na sababu. Muziki umepewa nafasi hiyo kwa kuwa wimbo mtakatifu huungana na maneno, na hivyo huwa sehemu ya lazima ya Liturujia kuu yenyewe. Hawakusema kwamba muziki ni mkuu kwa sababu unapendeza masikio, wala kwa sababu waimbaji ni bora kuliko wachongaji. Muziki umepewa kiti cha mbele kwa sababu umebeba Neno.

Tena, sababu hiyo tunaiona kwa macho. Mchoraji huweza kufanya kazi yake peke yake chumbani, akaileta kanisani imekwisha. Picha hubaki ukutani hata watu wakienda zao. Lakini wimbo hauwezi kuwekwa kabatini. Huzaliwa pale pale watu wanapokusanyika, kwa pumzi yao wenyewe, na ukiisha hausazi kitu, kama ubani uliochomwa mbele ya Bwana. Sauti ya kwanza humngojea wa pili, na wa tatu humsikiliza wa nne. Mtoto asiyejua kusoma huweza kuushika, na bibi kizee aliyesahau majina ya wajukuu wake huweza kuuimba hadi mwisho. Makatekista mnalijua jambo hili vizuri: fundisho lililoimbwa hukaa moyoni kuliko lililokaririwa tu. Naye Mtakatifu Augustino alikiri kwamba alitokwa na machozi aliposikia waamini wakiimba katika kanisa la Milano, wakati wa Askofu Ambrosi, na kwamba ukweli uliingia moyoni mwake pamoja na zile nyimbo.

Hata hivyo, Augustino huyo huyo alikuwa na hofu. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake anasema kwamba kila alipoguswa na sauti kuliko na maneno yaliyoimbwa, aliona ametenda kosa. Hofu hiyo si ngeni katika Maandiko Matakatifu. Daudi alipopiga kinubi, Sauli alipata nafuu. Lakini siku nyingine, Daudi akiwa anapiga kinubi kile kile, Sauli alimtupia mkuki. Mpigaji alikuwa yule yule. Moyo wa msikilizaji ulikuwa umeingia wivu. Naye nabii Amosi aliwaambia watu wa Israeli kwamba Mungu hataki kuzisikia nyimbo zao wakati haki imekanyagwa. Kumbe wimbo mzuri huweza kumfika Mungu kama kelele!

Na sanaa za mikono, je, zimeachwa nje? Hasha. Katika Kitabu cha Kutoka, Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili achonge miti, afue dhahabu na kuchora vito kwa ajili ya Hema Takatifu. Wakati wengine walipotaka kuvunja picha takatifu, Mtakatifu Yohane wa Damasko alizitetea, na Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ukathibitisha heshima yake. Sababu yao ilikuwa nzito: Neno alifanyika mwili, akaonekana kwa macho na kuguswa kwa mikono. Mtume Paulo humwita Kristo mfano wa Mungu asiyeonekana. Yeye aliye Neno la kusikilizwa ndiye pia sura ya kutazamwa. Utafukuzaje jicho mbele yake kwa sababu umelipenda sikio?

Fikirini ule mti wa mpingo unaoota kusini mwa Tanzania. Mmakonde huuchukua akachonga sanamu. Mti huo huo husafirishwa hadi Ulaya, na mafundi hutengeneza kwao ala za kupuliza kama klarineti na obo. Mti haujiulizi kama ni heshima zaidi kuwa sanamu au kuwa ala. Aliyeuotesha ni mmoja.

Sasa turudi kigangoni. Juma chache baada ya mkutano ule nilifika mapema, nikamkuta mzee mmoja ameketi peke yake mbele ya msalaba mkubwa wa altareni. Alikuwa fundi seremala. Mabenchi tuliyokalia aliyatengeneza yeye. Nilimsalimu, hakuitika. Mke wake aliyekuwa akifagia akaniambia, “Baba Padre, huyu hasikii tangu utoto wake. Misa yote yeye hutazama msalaba tu. Huo ndio wimbo wake.”

Ndugu zangu, niliona haya. Mzee huyu alikuwapo siku ya mkutano. Aliona watu wakicheka, na hakuna aliyemweleza wanacheka nini. Vipaza sauti vya dunia nzima visingemfikia. Picha 14 za Njia ya Msalaba zingemfikia siku hiyo hiyo. Nami, mchungaji wake, nilikuwa nimetumia mafundisho ya Kanisa kumfungia mlango.

Dominika iliyofuata niliwaomba waamini radhi mbele ya altare, nikaisoma ile namba 112 pamoja na sababu yake. Namshukuru Mungu, wanakwaya wenyewe ndio walioomba picha zitangulie. Ijumaa za Kwaresima iliyofuata, kwaya iliimba kutoka kituo hadi kituo bila kinanda chochote, na yule mzee ndiye aliyetangulia amebeba msalaba. Alisimama kwenye kila picha muda mrefu kuliko sisi tulivyozoea, na kwaya ikajifunza kumngojea.

Hapo nilimwelewa upya Mtakatifu Sesilia. Je, mnajua kwa nini wanamuziki humwita msimamizi wao? Simulizi la kale la ufiadini wake halisemi kwamba alikuwa na sauti nzuri. Linasema kwamba siku ya arusi yake, vyombo vya muziki vilipokuwa vikilia, yeye alimwimbia Bwana moyoni mwake. Basi msimamizi wa waimbaji wote amepata heshima hiyo kwa wimbo ambao hakuna mwanadamu aliyeusikia! Wimbo wa namna hiyo hata yule mzee aliweza kuuimba, na huenda aliuimba vizuri kuliko sisi sote.

Ninyi wanakwaya, msione haya kwa nafasi mliyopewa. Ni kweli, ni ya kwanza. Lakini katika Kanisa wa kwanza ni mtumishi wa wote, kama Bwana wetu alivyofundisha. Imbeni ili Neno lisikike. Mkiona waamini wamegeuka kuwa watazamaji wenu, punguzeni madoido, wapeni nao kiitikio. Makatekista, katika kila kigango mtafuteni yule asiyesikia na yule asiyeona. Mjiulize ni mlango gani mmemwachia. Nanyi mafundi wa mbao, wa vitambaa na wa rangi, msidhani kazi yenu ni ya pembeni. Roho aliyemjaza Bezaleli hajazeeka.

Usiku ule wa mwisho, Mwinjili Mathayo anatuambia, Yesu na wanafunzi wake waliimba wimbo, kisha wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Aliimba, halafu akaenda kujitoa. Hicho ndicho kipimo cha kila wimbo: je, tukimaliza kuuimba, twaenda wapi?

Mtakatifu Sesilia atuombee, ili vinywa vyetu, mikono yetu na mioyo yetu viimbe wimbo mmoja. Amina.