Kidoto cha Ndege Kwenye Simu Si Ndege Yenyewe
Maelezo kwa wakazi wa Sosiot



Mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi Kisumu hupita karibu kabisa na mji wa Kericho. Ndiyo maana mtu akichuma majani chai husikia ndege juu ya mawingu, na siku hizi kijana hutoa simu na kusema, "Hiyo hapo, imefika Litein, futi 16,000." Je, simu inasema kweli?

Mara nyingi inakaribia kweli. Ndege nyingi hujua mahali zilipo kwa setilaiti, kisha hutangaza kwa redio takriban mara mbili kila sekunde. Vipokezi vidogo, vingi vikiwa juu ya mapaa ya watu wa kujitolea, hunasa tangazo hilo na kulituma kwa intaneti. Safari hiyo huchukua sekunde kadhaa. Ndege ya abiria inayokwenda kilomita 830 kwa saa hupita zaidi ya kilomita 2 kwa sekunde kumi. Mtandao ukiwa hafifu, na Sosiot haihitaji kuelezwa hilo, pengo huongezeka.

Kubwa zaidi ni vilima. Mawimbi haya hayapenyi mlima. Ndege ndogo ikishuka nyuma ya kilima, vipokezi haviisikii tena, na programu nyingine huendelea kusogeza kidoto kwa kukisia tu. Ndege nyingine ndogo hazitangazi kabisa.

Futi nazo zina mtego wake. Kimo kinachoonyeshwa kwa kawaida hutokana na kanieneo ya hewa, kikihesabiwa kama kwamba hali ya hewa ni ile ya wastani kwenye usawa wa bahari. Hakipimwi kutoka ardhini. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, yaani zaidi ya futi 6,500. Simu ikisema futi 10,000, kati ya ndege na mashamba ya chai hazibaki futi 3,500.

Mambo haya si mchezo. Tarehe 10 Juni 2008, ndege ndogo iliyotoka Nairobi kuja Kericho ilianguka Enoosupukia, Narok, ikawaua Waziri Kipkalya Kones na Waziri Msaidizi Lorna Laboso. Mwaka mmoja kabla, usiku wa kuamkia 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka ilipopaa Douala, Cameroon, na watu 114 wakafa. Msako ulianza karibu na Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Mabaki yalipatikana tarehe 6 kwenye kinamasi, chini ya kilomita 6 kutoka uwanjani. Na tarehe 5 Juni 2018, ndege iliyotoka Kitale na watu 10 ilipotea milima ya Aberdare. Ilipatikana tarehe 7, mvua na ukungu vikiwa vimezuia watafutaji. Hakuna aliyenusurika.

Kwa hiyo anayechungulia angani bado ana kazi. Ukisikia ndege ikiunguruma chini kupita kawaida, au mngurumo ukikatika ghafla, tazama saa. Kumbuka ulikuwa umesimama wapi na sauti ilielekea upande gani: Kapsoit, Kabianga au kwingine. Piga 999 au 112, au mwone chifu. Ukiona mabaki, saidia walio hai na usiondoe kipande chochote, kwa kuwa wachunguzi wa ajali watakihitaji pale pale kilipoangukia.

Kidoto kikitoweka kwenye simu, usisambaze picha yake kwenye kikundi cha WhatsApp ukisema ndege imeanguka. Mara nyingi imepita tu mahali pasipo na kipokezi. Jamaa za abiria nao wana simu, na wataisoma kabla ndege haijatua Kisumu.