Mazungumzo juu ya Kuwafundisha kwa Sauti na Picha Watoto Wasiopata Shule



Habari yetu ni ya watoto ambao hawajapata kuketi darasani.

Bila shaka wako kati yenu wakumbukao jambo lililofanyika katika mkoa wetu wa Tanga. Mwaka 2017 vishikwambi vililetwa katika vijiji vipatavyo 170, wakapewa watoto 2,700 hivi. Ndani yake mlikuwa na sauti, picha na michezo ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, navyo vilitiwa nguvu kwa umeme wa jua. Kazi hiyo ilikuwa ya shirika la XPRIZE la Marekani, likisaidiwa na UNESCO na Serikali yetu. Katika watoto hao, zaidi ya tisa kwa kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Ilipopita miezi 15, hesabu ya hao wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 Kitkit School na onebillion waligawana zawadi ya dola milioni 10, na mafundisho yao yakaachwa wazi, kila mtu ayatumie bila malipo.

Tulifurahi, tena tulishangaa kidogo, kwani sisi tulizoea kudhani ya kuwa mtoto hawezi kujua herufi asiposimamiwa na mwalimu mwenye chaki. Lakini ile nusu iliyobaki yatusumbua hata leo.

Basi tukajaribu wenyewe, kwa simu moja na picha zilizochorwa kwa mkono. Hapo tulikosa, nasi twakiri. Tuliwasomea watoto wa milimani “N ya nanga”, kama tulivyofundishwa sisi zamani. Mtoto mmoja, ambaye hajaiona bahari maisha yake, akauliza kama hilo ni jembe. Wenzake hawakucheka, maana nao hawakujua. Tukafuta, tukaandika “N ya ndizi”, na somo likaenda mbio. Tena wako wadogo ambao nyumbani husikia Kishambaa tu. Kwao Kiswahili chetu cha vitabuni ni lugha ya ugenini. Hao yafaa waanze na hadithi za bibi zao, kisha wavushwe polepole. Na yule asiyesikia je? Sauti haimfai kitu. Yeye ahitaji picha za mikono isemayo kwa ishara, nasi hatujamtengenezea hata moja.

Kwa hiyo twaomba msaada wenu. Jumamosi baada ya chakula cha mchana twakusanyika chini ya mwembe, mahali penye utulivu. Mwenye simu nzuri aje nayo. Wazee wajuao hadithi za Kishambaa waje pia, wala wasione haya kwa sauti zao kukwaruza, watoto wamezizoea.