Kijana Anayeshika Bawa

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Ng'ambo, Unguja



Hapa Ng'ambo tumezoea kuona ndege zikipita juu ya mabati yetu, zikishuka kwenda uwanja wa Kiembe Samaki. Watoto huacha mchezo wakatazama juu. Mmoja husema, "Mimi nitakuwa rubani." Sisi wakubwa hucheka, kisha tunamtuma dukani akalete chumvi. Leo tunaomba tusicheke. Tuzungumze juu ya vikosi vya vijana wa ndege, na uongozi ambao kijana hujifunza humo.

Kwanza, kikosi cha namna hiyo ni kitu gani? Tuchukue nchi ya Kanada. Vikosi vyao vilianza mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili kuwatayarisha vijana kwa kazi ya ndege za vita. Vita vilikwisha, vikosi vikabaki. Kijana huingia akiwa na miaka 12 na hutoka akifika 19. Kujiunga si kuandikishwa jeshi. Vijana hukutana baada ya skuli, huvaa sare, hupiga gwaride, husoma ramani na hali ya hewa. Wachache wanaofanya vizuri zaidi hufundishwa kurusha ndege isiyo na injini wakiwa na miaka 16, na yenye injini wakiwa na miaka 17. Zamani walichukuliwa wavulana tu. Sheria ikabadilishwa mwaka 1975, wasichana nao wakaingia.

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Hapa hapa Afrika, nchini Ghana, Rais Kwame Nkrumah alifungua skuli ya kurusha ndege zisizo na injini pahala panapoitwa Afienya, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mkuu wake alikuwa rubani mwanamke kutoka Ujerumani, Hanna Reitsch, ambaye zamani alimtumikia Hitler. Wanafunzi walikuwa vijana wa umoja wa vijana wa Nkrumah. Vijana wale waliruka kweli, wakaona nchi yao kutoka juu. Lakini katika umoja wao walifundishwa pia kumsifu kiongozi mmoja mno. Nkrumah alipopinduliwa tarehe 24 Februari 1966, umoja ule ukavunjwa. Kazi ya Hanna Reitsch huko nayo ikaisha. Sisi tunaona kuruka kulikuwa kuzuri, ila kusifu kulizidi.

Basi uongozi wa kweli uko wapi katika kazi hii? Hebu tazameni ndege isiyo na injini ikitaka kuruka. Ina gurudumu moja chini ya tumbo, kwa hiyo hulalia upande. Kijana mmoja hukaa ndani. Mwingine husimama nje akashika ncha ya bawa, ndege ikae sawa. Mwingine hutazama angani, yuko nani anakuja, ndipo itolewe ishara. Kisha hubadilishana. Aliyeruka asubuhi, mchana anamshikia bawa mwenziwe. Na yule aliyeshika bawa, hata akiwa mdogo kuliko wote, akiona hatari hupaza sauti ya kusimamisha, na wote husimama. Hakuna anayemwambia, "Wewe mtoto, nyamaza."

Jambo jingine litakufurahisheni nyinyi mliojifunza kusoma ukubwani. Rubani aliyeruka miaka 20 bado huchukua karatasi kabla ya kuondoka. Mmoja husoma: mafuta? Mwenziwe hutazama, kisha hujibu. Hawategemei kichwa, kwani kichwa husahau. Hawaoni haya kusoma mbele ya watu.

Na sauti ya mdogo isiposikilizwa? Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, palikuwa na ukungu mzito. Ndege kubwa ya Kiholanzi ilianza kukimbia ili iruke. Fundi aliyekaa nyuma ya marubani aliuliza kama ile ndege ya Kimarekani imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye sifa nyingi, alijibu kwamba imetoka. Fundi akanyamaza. Haikuwa imetoka. Walikufa watu 583. Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza, na somo hilo linafundishwa mpaka leo.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba. Ilipakia watu kupita kiasi, na walikuwapo walioliona hilo pale pale bandarini. Nyumba ngapi za Ng'ambo ziliweka matanga? Mnazijua kuliko sisi.

Sasa, mtoto anayetaka kweli kazi ya ndege ashike hesabu, fizikia na Kiingereza. Dar es Salaam kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambako mafundi wa ndege husomeshwa. Ada si ndogo, jamani, tusidanganyane. Lakini malezi ya kikosi hayangoji chuo. Tunazo timu za mpira, madrasa, vikundi vya usafi wa mtaa. Mpeni kijana daftari la vifaa vya timu alitunze mwezi mmoja, kisha apewe mwingine. Akija kukwambieni kwamba fedha za jezi hazitimii, musimfokee. Hesabuni naye.

Na wasichana je? Tumesikia wazazi wakisema binti atachelewa kurudi. Hofu hiyo si ya bure. Basi kikundi kikutane kabla ya magharibi, na mama mmoja awepo zamu kwa zamu. Kumfungia ndani si dawa, maana huyo naye ndiye atakayepanda meli kesho, na huenda ndiye atakayeona kwamba imejaa.

Tumesema ya kutosha. Leteni masuali. Leo tutaanza na hao waliokaa nyuma kabisa karibu na mlango.