Uvimbe Mgumu Usiouma

Leo tuzungumze juu ya uvimbe kwenye titi, hasa ule mgumu usiouma.

Mwilini mna seli zinazotengeneza nyuzi za kushikilia ngozi na nyama. Wataalamu huziita faibroblasti. Mtoto akijikata kwa wembe, seli hizi huamka na kusuka nyuzi ngumu, kidonda kikafunga, likabaki kovu. Kazi ikiisha, hutulia.

Saratani huzidanganya. Huzipelekea ishara kana kwamba pana kidonda, nazo hazipumziki tena. Mwaka 1986 daktari wa Marekani, Harold Dvorak, alilinganisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona. Seli hizo huendelea kusuka nyuzi, hutoa kemikali za kuikuza saratani na huifungulia njia ya kusambaa. Ni kama fundi wako amegeuka kumjengea mwizi. Si zote hugeuka. Nyingine huizuia saratani, kwa hiyo haifai kuziua zote. Na tusielewane vibaya: mkwaruzo wa kawaida hauleti saratani.

Basi ule ugumu unaoushika kwa vidole, sehemu kubwa yaweza kuwa ni nyuzi hizo. Zikikaza, huvuta ngozi. Mama huona kishimo kwenye titi, au chuchu iliyokuwa nje imeingia ndani. Uvimbe wenyewe huenda usisogee ukiusukuma, na uchungu usiwepo kabisa.

Hapo ndipo tunapochelewa. Nimeambiwa mara nyingi, "Sista, hauniumi, nitakuja baada ya mavuno." Anayenyonyesha naye huambiwa ni maziwa yameganda. Huenda ikawa kweli, na uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini maziwa yakiziba, kwa kawaida titi huuma, na hupata nafuu mtoto akinyonya. Uvimbe ukikaa wiki mbili bila kuisha, nenda ukapimwe, hata kama unanyonyesha. Kuukanda hakuyeyushi nyuzi hizo.

Ukioga, simama mbele ya kioo, inua mikono yote miwili, utazame kama ngozi inavutwa mahali. Hospitalini huenda wakachukua kipande kidogo kwa sindano, baada ya kukudunga dawa ya ganzi. Wengine hukimbia hapo wakisema sindano huamsha saratani. Mama, bila kipande hicho daktari hawezi kujua ni uvimbe gani, wala akupe dawa ipi.