Sigara Zilizovuka Mto Mara Mbili: Ushuru, Magendo na Funzo la Kanada



Kila mwaka bajeti inaposomwa katika mabunge yetu, hoja moja hurudi. Waziri akigusa ushuru wa sigara, hatakosa wa kumwonya kwamba anawanenepesha wafanya magendo. Onyo hilo si la kupuuzwa, kwa kuwa limewahi kutimia. Lilitimia Kanada kati ya 1989 na 1994, na kisa hicho bado hutajwa kila serikali inapotishwa. Tatizo ni kwamba husimuliwa nusu. Leo naomba tukisimulie hadi mahakamani, maana huko ndiko kilikoishia.

Katika miaka ya 1980 serikali kuu ya Kanada na serikali za majimbo zilipandisha ushuru wa sigara mara kwa mara, na mwaka 1991 zikaupandisha kwa kishindo. Lengo la afya lilifikiwa: uvutaji ulishuka, hasa kwa vijana, ambao mfuko wao ndio mwepesi kuliko wote. Lakini bei ya Kanada ikaachana mbali na bei ya Marekani, nchi inayopakana nayo kwa maelfu ya kilomita. Sigara ni mzigo mwepesi wenye kodi nzito. Sanduku la kiwandani, ambalo mtu mmoja hulibeba begani, huwa na katoni 50, yaani sigara 10,000. Akilivusha bila kulipia, mbebaji amekwepa zaidi ya dola 1,000.

Njia kuu ya mzigo huo ilikuwa Akwesasne, ardhi ya Wamohawk, wenyeji asilia, kwenye mto St. Lawrence. Mipaka iliyochorwa na wengine imeikata ardhi hiyo: kipande kiko Ontario, kipande Quebec, kipande jimbo la New York. Wenyewe hawakuwahi kuikubali mipaka hiyo, na hudai haki ya kupita kwa mujibu wa mkataba wa 1794 kati ya Uingereza na Marekani. Usiku boti zilivuka zikiwa zimesheheni. Mto ulipoganda, magari yalipita juu ya barafu. Risasi zikaanza kusikika. Mwaka 1993 meya wa mji jirani wa Cornwall alitishiwa kuuawa, akalazimika kujificha na familia yake.

Hadi hapo kisa kinafanana na onyo tunalolisikia. Swali ambalo wengi hawakuliuliza ni hili: ndani ya masanduku yale mlikuwa na sigara za nani?

Zilikuwa Player's, du Maurier na Export 'A', sigara za Kanada zenye ladha ambayo Wamarekani hawaipendi. Zilitengenezwa Kanada, zikasafirishwa kihalali hadi Marekani bila ushuru, kwa kuwa bidhaa inayokwenda nje haitozwi, kisha zikarudi usiku kwa wavutaji walewale waliokusudiwa tangu mwanzo. Mauzo ya nje yalipaa ingawa huko nje hakukuwa na wanunuzi. Serikali ililiona hilo. Februari 1992 iliweka ushuru wa dola 8 kwa kila katoni inayokwenda nje, na mauzo hayo yakaporomoka mara moja. Kampuni zikalalamika na kutishia kuhamisha viwanda. Aprili mwaka uleule ushuru huo ukafutwa. Naomba tutulie kidogo hapa, kwa sababu katika kisa chote hiki sioni uamuzi ulioumiza kuliko huu: dawa ilikuwa imeshapatikana, ikafanya kazi kwa wiki chache, kisha ikamwagwa.

Yaliyofuata yalienda haraka. Januari 1994 wenye maduka wa Quebec waliuza sigara za magendo hadharani, wakiidhihaki sheria. Tarehe 8 Februari Waziri Mkuu Jean Chrétien alitangaza punguzo la dola 5 kwa katoni nchi nzima, na kuahidi zaidi kwa majimbo yatakayopunguza na yao. Quebec, ukijumlisha yote, kodi ilishuka kwa dola 21. Majimbo ya magharibi yalikataa kufuata. Magendo yalipungua mashariki, na mapato ya serikali yakashuka pia. Watafiti waliolinganisha pande hizo mbili walikuta kwamba palipopunguzwa kodi, walioanza kuvuta walikuwa wengi zaidi na walioacha walikuwa wachache zaidi. Hao walioanza ni vijana, na baadhi yao bado wanavuta hadi leo.

Kisha sheria ikaanza kunena. Mwaka 1998 Northern Brands, kampuni tanzu ya mtengenezaji sigara wa Marekani R.J. Reynolds, ilikiri kosa katika mahakama ya Marekani kuhusiana na magendo hayo na kulipa dola milioni 15. Mwaka 2008 watengenezaji sigara wa Kanada, Imperial Tobacco Canada na Rothmans, Benson & Hedges zilikiri kosa na kukubali kulipa jumla ya dola bilioni 1.15 za Kanada. 2010 zikafuata JTI-Macdonald na Northern Brands kwa dola milioni 550. Walioonya kwamba ushuru utaleta magendo ndio waliokuwa wakiyalisha. Na kwa miaka yote hiyo lawama zilimwangukia kijana wa Kimohawk mwenye boti.

Simaanishi kwamba ushuru hauna madhara. Pasipo kodi hakuna cha kukwepa. Pia mvutaji maskini asiyeweza kuacha hulipa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake, na bei ya pakiti inapomshinda hununua moja moja kibandani. Kenya inakataza kuuza sigara chini ya kumi tangu sheria ya 2007, lakini biashara hiyo haijaisha. Anayenunua moja haoni hata onyo la afya lililochapwa kwenye pakiti. Hilo ni dhara halisi, na serikali inayochuma ushuru huu ina deni la kugharamia huduma za kumsaidia mtu kuacha.

Lakini tutazame mpaka wetu wenyewe. Kenya hutoza sigara ushuru mkubwa kuliko Uganda, na bado sigara za magendo huvuka mpaka huo pande zote mbili kwa njia za panya. Kama ukubwa wa kodi pekee ndio ungekuwa chanzo, mzigo ungeelekea upande mmoja tu. Kuna chanzo kingine, kilekile cha St. Lawrence: bidhaa iliyotoka bila kulipiwa, na hakuna aliyethibitisha ilifika wapi. Stempu za kielektroniki ambazo Kenya ilianza kuzitumia mwaka 2013 zimesaidia sana ndani ya nchi, lakini stempu hailindi mzigo ulioandikiwa kwenda nje.

Kwa hiyo, waheshimiwa wabunge mlio hapa, na ninyi wanafunzi mtakaokalia viti vyao: atakapokuja mtu kuwatisha kwa magendo, mwombeni hesabu ya katoni zilizotoka kiwandani bila ushuru, pamoja na hati za forodha za nchi zilikopokelewa. Asipozileta, pandisheni ushuru.