Kivuko ni Barabara ya Watu wa Visiwani



Tumeombwa tuzungumze juu ya vivuko vya serikali vinavyohudumia visiwa vya Ziwa Viktoria, na pengine baadhi yenu mwajiuliza habari za vyombo vya majini zinahusianaje na Haki na Amani. Mtu wa bara barabara yake ikiharibika hupita kando, huazima baiskeli, au hutembea kwa miguu hata afike. Mtu wa Ukara hana kando ya kupitia. Chombo kisipokuja, safari imekufa.

Wilaya ya Ukerewe, mkoani Mwanza, ni ya visiwa vitupu, vikubwa kwa vidogo. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni Ukerewe chenyewe, na kaskazini yake ndiko iliko Ukara, kisiwa kidogo chenye watu wengi na wakulima hodari, ambao tangu zamani wamesifiwa kwa kurutubisha mashamba yao kwa samadi. Ukara ina kituo cha afya pale Bwisya, lakini hospitali ya wilaya iko Nansio, ng'ambo ya maji. Mgonjwa aliyeshindikana Bwisya hana budi kuvuka. Vivyo hivyo mwenye shauri lake katika ofisi za wilaya, na mama mwenye magunia mawili ya kuuza gulioni Bugolora.

Gulio la Bugolora lilikuwa siku ya Alhamisi. Na ilikuwa Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Bwisya, watu wa nchi kavu wakikitazama kwa macho. Kilijengwa kichukue abiria 101. Waliookolewa walikuwa 41, na waliokufa walizidi 220. Jumlisheni wenyewe: zaidi ya watu 260, pamoja na mizigo yao, katika chombo cha watu 101.

Rais John Magufuli alitangaza siku 4 za maombolezo na kuamuru wahusika wakamatwe. Bodi ya wakala wa serikali uliokuwa ukikiendesha kivuko ilivunjwa. Hayo yalistahili, nasi hatuna la kuyapinga. Lakini tulisikia pia sauti nyingine, hata miongoni mwa watu wema, ikisema kwamba abiria wenyewe ndio wakaidi, kwamba wangesubiri zamu ya pili. Hapo twaomba tusimame kidogo, kwa sababu neno hilo ni jepesi mno kinywani mwa asiyelazimika kuvuka.

Mfikirieni mama huyo wa gulioni. Jua limekwisha kupinda, mtoto yuko nyumbani Ukara, na chombo ni kimoja. Akiachwa, atalala wapi? Hata akiambiwa kuna safari nyingine, je, amewahi kuona ratiba ikitimizwa kiasi cha kuiamini? Anayejua kwa hakika kwamba chombo kitarudi baada ya saa moja hasukumani na mtu. Msongamano wa gatini huanza mbali na gati: huanzia pale walipopanga chombo kimoja kidogo kwa kisiwa kizima, wala wasiweke kingine cha akiba. Nahodha na mkatisha tiketi wana makosa yao, na sheria iyashughulikie. Lakini mwenye kupanga safari asijifiche nyuma yao.

Wala halikuwa jambo geni. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, mali ya shirika la umma, ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria 430, nayo ikaangamiza mamia ya watu, na hadi leo hesabu kamili yao haina uhakika. Jambo hilo la mwisho latuuma kwa namna ya pekee. Gunia la pamba huandikwa katika daftari kabla halijapakiwa, ila binadamu walipakiwa bila kujulikana idadi yao, na baadaye jamaa zao wakapita ufukweni wakitafuta majina.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuwaachia wafanyabiashara kazi hii. Mfanyabiashara huenda palipo na abiria, nasi hatumlaumu. Ndivyo biashara ilivyo. Ila nani atavuka saa nane za mchana, siku isiyo ya gulio, na abiria sita tu, mmoja wao akiwa mama mwenye uchungu wa kuzaa? Safari hiyo haina faida ya fedha. Yafaa ilipwe kutoka mfuko wa wote, kama vile barabara ya lami inavyolipwa, na hakuna amwulizaye apitaye juu yake kama imeleta faida.

Fikra hiyo imejaribiwa kwingine. Huko Scotland, vivuko vingi vya visiwa vya magharibi huendeshwa na kampuni ya serikali, na tangu 2008 walianza kupanga nauli kwa kuilinganisha na gharama ya kusafiri umbali uleule barabarani. Nauli zilishuka, wageni wakaongezeka, hata wenyeji wakaanza kukosa nafasi ya magari yao wakati wa kiangazi. Na kivuko kipya kilichoagizwa mwaka 2015 kilianza kazi Januari 2025, baada ya kucheleweshwa miaka mingi. Basi tusidhani kwamba neno "serikali" peke yake lavusha mtu. Lahitaji macho ya wanaovuka.

Kwetu yako yaliyotendeka. Ukara ilijengewa kivuko kikubwa zaidi, MV Ukara II. Kusini mwa ziwa, daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, likawaondolea wengi adha ya kungoja. Twafurahi nao. Hata hivyo daraja hujengwa panapopita magari mengi, na hatutarajii kuona daraja la kwenda Ukara. Watu wale wataendelea kutegemea chombo, na ukubwa wa chombo haumfundishi mtu kuhesabu abiria.

Kwa hiyo twawaomba ninyi viongozi wa parokia za visiwani na za kando ya ziwa mlifanye jambo hili kuwa la mikutano yenu. Ombeni, kwa barua na kwa heshima, ratiba ibandikwe gatini pamoja na idadi ya abiria wanaoruhusiwa, kwa tarakimu kubwa ambazo hata mtoto azisome. Ulizeni siku za gulio zimeongezewa safari ngapi. Ulizeni maboya ya kujiokolea ni mangapi, na yamewekwa wapi. Yakiwa yamefungiwa stoo, andikeni hivyo. Na mkipewa jibu, lisomeni mbele ya watu, kisha mmoja wenu ashuke gatini siku ya gulio akahesabu wanaopanda kabla mlango wa kivuko haujafungwa.