Njaa ya Nyuki na Hesabu ya Mizinga

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya warina asali)



Nimepewa nusu saa niseme juu ya chakula cha nyuki. Huenda baadhi yenu mkashangaa kumwona mkaguzi wa vitabu akizungumzia wadudu badala ya stakabadhi. Ninayo sababu, nayo inanihusu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja katika misitu yetu ya miombo. Chama hicho kilikuwa kimeuza asali nyingi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Vitabu vilikuwa safi, fedha zililingana, na mkopo wa mizinga ya viunzi ulikuwa umeanza kulipwa. Nikaandika katika taarifa yangu kwamba chama hicho ni cha kuigwa. Niliporudi mwaka uliofuata, daftari la mali lilionyesha idadi ile ile ya mizinga. Lakini nilipoomba kupelekwa msituni nikaione, zaidi ya nusu ilikuwa mitupu. Ndani mlikuwa na masega makavu, utando wa buibui na nondo wa nta. Wanachama walikuwa wamerina kila sega lenye asali, na nyuki walipokosa akiba wakahama. Mkopo haukuhama. Nami nilikuwa nimeyasifu mauzo pasipo kuuliza ni nini kilichosalia mzingani.

Ndugu zangu, nyuki huweka asali kwa ajili ya siku ambazo hakuna ua lenye mbochi. Katika nchi za baridi, kama vile Uingereza na Ujerumani, mfugaji hana njia ya kulikwepa jambo hilo. Majira ya baridi yanapoingia, nyuki hawalali usingizi kama wengi wanavyodhani. Hujikusanya pamoja mfano wa mpira, hutikisa misuli yao ili kupata joto, na kuni zao ni asali. Huko mfugaji huhakikisha kwamba kila kundi linaingia katika baridi likiwa na akiba ya kilo 15 hadi 20, na penye baridi kali zaidi ya hapo. Kisha katikati ya majira hayo haufungui mzinga ovyo, maana joto litatoka. Huunyanyua kidogo kwa nyuma, akaupima kwa mkono. Na jambo la kuangaliwa sana ni hili: makundi mengi hufa njaa mwishoni mwa baridi, wakati malkia ameanza kutaga tena na walaji wanaongezeka kabla ya maua kufunguka.

Sisi hatuna theluji, lakini tuna njaa. Huja wakati wa mvua kubwa, nyuki wanaposhindwa kuruka na maua yakaoshwa mbochi. Huja tena katika kiangazi kikali, msitu unapokauka. Miezi yenyewe hutofautiana baina ya kijiji na kijiji, kwa hiyo katibu asinakili kalenda ya jirani. Awaulize wazee warina asali wa mahali pake ni miti gani huchanua lini, aandike. Tofauti nyingine kubwa ni tabia ya nyuki wetu. Nyuki wa Ulaya hana pa kwenda wakati wa baridi, hufia mzingani. Nyuki wa kwetu huondoka. Haondoki kwa siku moja: kwanza malkia hupunguza kutaga, majana mapya hayalelewi, yaliyokwisha kufunikwa husubiriwa yaanguliwe, akiba iliyobaki huliwa, ndipo kundi zima hupaa. Mwenye kuutazama mzinga wake hupata majuma kadhaa ya onyo. Ambaye hurudi msituni siku ya kurina tu hapati onyo lolote.

Basi tuitazameje akiba? Vyama vyetu vinayo mizani ya ndoano, ile tunayopimia asali siku ya ununuzi. Siku nyingine zote hutundikwa ukutani bila kazi. Kabla mzinga mpya haujapelekwa msituni, upimwe ukiwa mtupu na uzito wake uandikwe ubavuni kwa rangi. Baada ya kurina upimwe tena, na kila majuma mawili au matatu katika miezi ya njaa. Tofauti ya uzito haitakuwa asali tupu, maana zimo nta, chavua, majana na nyuki wenyewe. Lakini ukiona uzito unashuka kila safari, hukumu imekwisha kutolewa. Kwa mzinga wa gogo ulio juu ya mti, unyanyue upande mmoja kwa mkono. Mrina asali mzoefu haambiwi zaidi. Penye mzinga wa viunzi mnaweza kufungua jioni kwa moshi mdogo na kutazama masega ya pembeni. Mkiona watoto wa nyuki wametupwa nje mlangoni na masega hayana mayai, mmechelewa, ingawa si lazima mmeshindwa.

Dawa ya kwanza ni kutorina yote. Mimi hushauri masega yasiyopungua manne yenye asali yaachwe katika kila mzinga wa viunzi, na yale yaliyo karibu na majana yasiguswe kabisa.

Hapa ndipo mwanachama mmoja huniuliza, naye huwa ni hodari wa hesabu: “Ndugu Mkaguzi, kilo ya asali ina bei kuliko kilo ya sukari. Kwa nini nisiuze asali yote nikawapa nyuki sukari?” Hesabu hiyo ina mapengo. Sukari huwapa nyuki nguvu tu. Haina kinachojenga mwili wa mtoto, ambacho hupatikana katika chavua. Pili, mizinga yetu iko mbali, pengine mwendo wa siku nzima kwa baiskeli, na sukari hupelekwa mara nyingi, si mara moja. Tatu, nimepata kuona sukari iliyonunuliwa kwa ajili ya nyuki ikimalizikia katika chai ya ofisini, na ndugu makatibu mnajua ninasema nini.

Hata hivyo, mwaka wa ukame mkali huja, na kundi la kuokolewa liokolewe. Tumieni sukari nyeupe. Sukari guru na sukari iliyoungua huwaharisha nyuki. Kilo 2 kwa lita 1 ya maji ya moto, iliyokwisha epuliwa, ikorogwe hadi iyeyuke, kisha ipoe. Itiwe katika kopo lenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo, ligeuzwe juu chini ndani ya mzinga. Au katika bakuli lenye vijiti vya kusimamia, nyuki wasizame. Wapeni jioni, wala msimwage hata tone nje, kwa maana mtaita siafu na majambazi wa mizinga ya jirani. Asali ya dukani isitumike, kwani huweza kuleta ugonjwa wa majana.

Sasa nasema kama mkaguzi. Sukari ikiendelea kutolewa wakati maua yamefunguka, nyuki wataihifadhi katika masega nanyi mtairina mkidhani ni asali. Viwango vya kimataifa vya Codex haviruhusu, kwa asali nyingi, zaidi ya sehemu 5 katika 100 za sukari ya aina hiyo, na maji yasizidi sehemu 20. Asali yenu huchanganywa katika mapipa ya chama, kwa hiyo ndoo ya mtu mmoja yaweza kukataliza pipa zima, na hasara ikagawanywa kwa wote. Mzinga uliolishwa utiwe alama, kopo liondolewe ua la kwanza lionekanapo, na mwanachama atie sahihi.

Kuanzia ukaguzi ujao nitaomba daftari lenye safu tano: namba ya mzinga, uzito wake mtupu, uzito baada ya kurina, uzito katika miezi ya njaa, na sukari iliyotolewa kwa tarehe. Nitachagua mizinga kumi bila kutoa taarifa na kwenda kuiona. Chama kisicho na mizani kimweleze mhasibu wa chama kikuu leo kabla ya chakula cha mchana. Zitaazimwa kwa zamu, na vyama vilivyo mbali na barabara vitatangulia.